Pima Kivuli Kabla ya Kupanda Mwaridi

Mama watoto alipofuatana nasi kuja Macalder kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, alitia nguo katika sanduku moja, akaweka mbuzi ya kukunia nazi na mrashi wa mamake ndani ya kikapu, na mkononi akapakata mche wa mwaridi uliozungushiwa gunia bichi. Safari nzima ya basi, kupitia Nairobi na Kisii hadi Migori, kisha gari dogo la kuteremka Nyatike, mche ule ulikuwa mapajani mwake. Tuliitwa kusomesha watoto katika madrasa ndogo, tukadhani tutakaa mwaka mmoja. Huu ni mwaka wa 6.

Mche ule ulikufa kabla ya kutimiza miezi 3. Wa pili, tulioununua kando ya barabara, nao ukafuata. Jioni ya siku tulipoung'oa, mama watoto alikaa kizingitini akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, labda mahali hapa hapataki kitu chetu."

Tulijua kwamba hakuwa akizungumzia mti pekee. Mwanamke aliyezoea kunusa asumini na rehani kila jioni, aliyekuwa na mama, dada na mashoga zake katika mtaa mmoja, alijikuta mahali ambapo lugha ya sokoni si yake na upepo wa jioni huleta vumbi la mawe yanayosagwa. Tangu mwezi ule alikuwa ameanza kutaja taratibu habari ya kurejea Mombasa na watoto. Tulihisi kwamba tukishindwa kuotesha mti mmoja, huenda tukashindwa na mengine makubwa zaidi.

Tunaandika haya kwa kuwa akina mama wengi, wa pwani na wa bara, hutuuliza: ni mwaridi gani wa kutambaa unaofaa ua mdogo wenye kivuli? Nyumba zetu zimebanana, kuta ni ndefu, na kipande cha ardhi kilichobaki nyuma ya jiko ni cha hatua chache. Mwaridi unaopanda ukutani hauhitaji nafasi kubwa chini, huwa sitara kwa walio ndani, na hutoa maua ya kutia katika kikuba. Jibu tulilolipata lina mambo manne: kivuli, aina, udongo na ukuta. La kwanza ndilo tulilolidharau.

Kijiti cha madrasa

Kila mwaka tunawafundisha watoto nyakati za Sala kwa kijiti. Husimamishwa uwanjani, na watoto hukitazama kivuli chake kikifupika asubuhi yote. Kikishafikia ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka upande wa mashariki, Adhuhuri imeingia. Kikilingana na urefu wa kijiti, ukiongeza kile kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati, Alasiri imeingia kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni. Watoto hulipenda somo hili kwa kuwa huwatoa nje ya darasa. Macalder lina faida zaidi, kwani jua huku huchomoza takriban dakika 20 baada ya kuchomoza Mombasa, na ratiba ya Sala iliyochapishwa pwani haiwezi kufuatwa bila kurekebishwa.

Baada ya mche wa pili kufa, mwanafunzi mmoja, binti wa miaka 10 hivi, alituuliza kwa adabu: "Ustadh, mwaridi wenu ulikuwa ukipata jua kwa saa ngapi?" Hatukuwa na jibu. Kwa zaidi ya miaka 20 tumesomesha habari za kivuli, na hatukuwahi kukipima cha uani mwetu.

Siku iliyofuata tuliwaita watoto na mawe. Ua wetu una hatua 8 kwa 5. Kusini ipo nyumba, kaskazini lipo jiko la mabati, mashariki upo wigo wa michongoma, na magharibi upo ukuta wa matofali wa jirani. Katikati umesimama mwembe mkongwe. Kila saa moja, tangu baada ya jua kuchomoza hadi kuzama, watoto waliweka mawe mahali palipokuwa na jua. Tulirudia kazi hiyo kwa siku tatu zisizokuwa na mawingu.

Mawe yalitueleza sababu ya vifo vyote viwili. Mche wa kwanza tuliupanda chini ya mwembe, mahali ambapo jua halikufika hata nusu saa, na mizizi ya mwembe ilikuwa ikiunyang'anya maji. Wa pili tuliuegemeza kwenye ukingo wa jiko unaotazama magharibi, ambako jua la baada ya Adhuhuri hugonga mabati na kuyafanya kama kikaango. Mmoja ulikufa gizani, mwingine ukaungua. Mahali pazuri palikuwa mbele ya ukuta wa jirani. Asubuhi jua hupita chini ya matawi ya mwembe na kuufikia ukuta ule, tangu saa 1:30 hadi saa 4:30. Mchana mwembe huufunika, na alasiri ukuta wenyewe huwa kivuli.

Saa 3 za jua ni chache kwa mwaridi. Tuliyakata matawi mawili ya chini ya mwembe, tukapata saa nyingine moja. Kwa kawaida mwaridi hupenda jua la saa 6 au zaidi, lakini zipo aina zinazoridhika na saa 4, hasa zikiwa za asubuhi. Jua la asubuhi hukausha umande juu ya majani, na majani yakikauka mapema, kuvu hukosa nafasi ya kuenea.

Hapa tuwatanabahishe wasomaji wanaotumia vitabu vya Uingereza au Ufaransa. Huko husemwa kwamba ukuta unaotazama kaskazini ni wa kivuli, na unaotazama kusini ni wa jua. Ni kweli kwa huko. Macalder liko kiasi cha digrii 1 kusini ya ikweta, na Mombasa kiasi cha digrii 4. Tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua letu la mchana huegemea kaskazini. Miezi iliyobaki huegemea kusini. Ukuta uliokuwa kivulini mwezi wa Januari waweza kupata jua mwezi wa Julai. Kwetu sisi, tofauti ya kudumu ni baina ya mashariki na magharibi: ukuta unaotazama mashariki hupokea jua la upole, na unaotazama magharibi hupokea jua kali.

Na iwapo utapima ukakuta jua halifiki hata saa 3, tunakushauri uuache mwaridi. Panda mwasumini. Huo nao hupunguza maua kivulini, lakini huvumilia zaidi, na harufu yake ya usiku ni ile ile tuliyolelewa nayo.

Aina zipi?

Mama mkwe aliposikia kwamba tunatafuta tena, alituma salamu kwamba tumngojee jamaa arudi kutoka Oman na mche wa waridi la Jabal Akhdar, kwani hilo ndilo waridi lenye marashi ya kweli. Ilitubidi tumweleze kwa heshima mambo mawili. La kwanza, mche hauingizwi Kenya bila kibali na ukaguzi wa afya ya mimea, na kuuficha ndani ya mizigo ni kosa. La pili, waridi lile, linalonasibishwa na mji wa Damascus, ni la milimani. Vijiji vinavyolilima huko Jabal Akhdar viko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya majira yao humpa mwaridi pumziko. Maua huvunwa mara moja kwa mwaka, tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei, kisha hutiwa katika mitungi juu ya meko ya udongo ili mvuke wake ukusanywe uwe marashi. Mwaridi huo ukipandwa kwenye joto lisilokuwa na baridi, hutoa majani tele na maua haba.

Macalder liko juu kidogo tu ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,134. Usiku wetu una ubaridi kuliko wa Mombasa, lakini hauna baridi ya kuulaza mti. Kwa hiyo mwaridi wa kutafuta, huku na pwani pia, ni ule wenye nasaba ya Uchina, kwa kuwa ndiyo iliyoleta tabia ya kuchanua mara kwa mara bila kungoja majira.

Mojawapo ya koo hizo ilizaliwa katika bahari yetu ya Hindi. Kisiwa cha Réunion zamani kiliitwa Bourbon. Wenye mashamba walipanda uzio wa miwaridi ya aina mbili, ya Uchina na ya Damascus inayochanua mara mbili, na kiasi cha mwaka 1817 ukaonekana mche uliochanganya damu za zote mbili. Mbegu zake zikapelekwa Paris, na ukoo wa Bourbon ukaenea duniani. Mashamba ya kisiwa kile yalilimwa na watumwa, wengi wao wakichukuliwa Bukini na pwani yetu hii, Kilwa ikiwamo. Tunapolinusa ua la ukoo huo, haidhuru kuwakumbuka.

Katika ukoo wa Bourbon upo mwaridi uitwao Zéphirine Drouhin, uliotolewa Ufaransa mwaka 1868. Hutambaa kiasi cha mita 3, maua yake ni ya waridi iliyokoza na yana harufu njema, na hauna miiba. Kwa nyumba yenye watoto na mabuibui yanayopita karibu na ukuta, hiyo ni neema. Huvumilia kivuli cha nusu siku. Aibu yake ni kwamba hushikwa upesi na madoa meusi ya majani, kwa hiyo unataka mahali penye kupita upepo.

Wa pili ni Madame Alfred Carrière, wa mwaka 1879, wenye maua meupe yanayoelekea uwaridi na harufu nzuri. Ni miongoni mwa miwaridi inayostahimili kivuli kuliko yote, lakini ni mrefu, hufikia mita 5 na zaidi. Kwa ua mdogo lazima ukatwe bila huruma. Wa tatu ni ule mweupe uitwao Iceberg. Mti wake wa kichaka ulitoka Ujerumani mwaka 1958, na wa kutambaa ukafuata mwaka 1968. Huvumilia joto, una miiba michache, na huchanua mfululizo, ila harufu yake ni hafifu sana. Anayetaka ua la kikuba hatatosheka nao.

Kusema kweli, katika vitalu vingi vya kando ya barabara hutayakuta majina haya. Muuzaji atakwambia "hii nyekundu, hii nyeupe", naye hana kosa. Kwa hiyo tuliacha kutafuta jina, tukatafuta ushahidi. Mjini Migori, nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kiislamu, tuliukuta mwaridi wa rangi ya waridi umepanda ukuta wa jiko, upande wa mashariki, nao hupata jua la asubuhi tu. Tuliuliza maswali matano. Una umri gani? Miaka 9. Huchanua lini? Hukaa wiki chache tu bila ua. Una harufu? Tukapewa tunuse. Una miiba? Michache. Majani ya chini huanguka wakati wa mvua? Machache. Mti uliojibu hivyo katika hali ya hewa iliyo karibu na ya kwako unashinda jina lolote kitabuni.

Tulipewa vipandikizi 6. Hukatwa kutoka tawi lililotoka kuchanua, lenye unene wa penseli, kwa urefu wa sentimita 20. Majani mawili ya juu hubakishwa, mengine huondolewa, na thuluthi mbili za kipandikizi huzikwa ndani ya udongo mwepesi wenye unyevu, mahali penye kivuli. Tulivifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa kitako ili unyevu usitoroke. Baada ya wiki 8, viwili vilikuwa vimeshika mizizi. Vinne vilikufa, na hiyo si hasara ya ajabu.

Mchanga wa kijivu

Sasa tufike kwenye jambo lililotutisha. Macalder ni mji wa madini. Palikuwapo mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa katika miaka ya 1960, na hadi leo wachimbaji wadogo huchimba dhahabu, husaga mawe, na huyachekecha kwa maji. Mawe yaliyokwisha kusagwa huachwa malundo ya mchanga laini wa rangi ya majivu. Udongo wa sehemu nyingi za huku ni mweusi na mzito, hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Tulipotaka kuulainisha kwa ajili ya ule mche wa pili, kijana mmoja alituletea mikokoteni miwili ya mchanga ule kwa hisani yake. Tulimshukuru, tukajaza shimo, na uliobaki tukauacha uani. Watoto wetu, na mjukuu wa jirani, wakaufanya uwanja wao wa kuchezea kwa wiki kadhaa.

Mama wa jirani, mzee wa Kijaluo ambaye wanawe wamefanya kazi mashimoni, ndiye aliyeuona. Alisimama upande wake wa ukuta akaita: "Mwalimu, huo mchanga umetoka wapi?" Tulipomwambia, hakutulaumu. Alimwita mjukuu wake, akamwosha mikono hadi viwiko, kisha akatwambia: "Huo wanaosha na zebaki. Si wa watoto."

Alisema kweli. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuinasa dhahabu, kisha huichoma iondoke kama moshi. Uchunguzi wa wataalamu katika ukanda wa dhahabu wa Migori umekuta zebaki, risasi na aseniki katika mabaki ya migodi na katika mashapo ya mito. Sumu hizi hazina harufu ya kumwonya mama. Zebaki na risasi hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Hatari kubwa uani ni vumbi linalovutwa na mikono inayotiwa kinywani.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumetafuta ua la kuifurahisha nyumba, na tukaingiza ndani ya nyumba kitu cha kuidhuru. Asubuhi tuliulowanisha mchanga kwa maji ili usitimke, tukautia magunia na kuuondoa, pamoja na udongo wa shimo lile hadi kina cha mkono. Watoto tuliwapeleka hospitali, wakaangaliwa, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hawakuonekana na dhara. Wako wasiopata bahati hiyo.

Kwa hiyo tunawausia wote wanaokaa karibu na migodi, iwe Migori, Kakamega au Geita: msijazie vyungu wala bustani kwa mchanga wa mgodini, hata ukiwa wa bure. Sisi tulipata udongo kutoka shamba la mbali na mashimo, tukauchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza muda wa miezi 6 na mboji ya majani ya mwembe. Na kwa kuwa petali za waridi huishia katika chai, halua na vikuba, tunaongeza neno moja: maua yanayouzwa madukani hupuliziwa dawa ili yadumu, na yanafaa kutazamwa tu. Ukitaka waridi la kutia kinywani, lipande mwenyewe na usilipulizie sumu.

Ukuta wa jirani

Mwaridi wa kutambaa hauna vikono vya kujishikilia kama mzabibu. Hutoa matawi marefu, na ni juu ya mwenye nyumba kuyafunga. Panahitajika misumari na waya, na ukuta ule haukuwa wetu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza jirani kumzuia jirani yake kuchomeka ubao katika ukuta wake. Fundisho hilo huambiwa mwenye ukuta ili awe mpole. Sisi tulikuwa upande wa muombaji, na adabu ya muombaji ni kubisha hodi. Mama watoto alikwenda mwenyewe, na sahani ya mahamri. Mama wa jirani alicheka, akasema ukuta ulijengwa na marehemu mumewe kwa ajili ya kuzuia mbuzi, na kama sasa utabeba maua, na ubebe. Sharti lake lilikuwa moja: ua litakalovuka upande wake ni lake.

Tulipigilia misumari mirefu, tukavuta waya wa kwanza sentimita 50 kutoka chini, na mingine 4 juu yake, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa sentimita 40. Waya uliachana na ukuta kwa upana wa vidole vitatu ili upewe upepo nafasi ya kupita nyuma ya majani. Shimo lilichimbwa sentimita 45 kutoka ukutani, kwa kuwa chini kabisa ya ukuta mvua haifiki, na mche ukalazwa kidogo kuelekea waya. Tulipanda mwanzoni mwa masika.

Siri ya mwaridi wa kutambaa ni kulaza matawi. Tawi linaloachwa lisimame wima hukimbilia juu na kutoa ua moja kileleni, mahali ambapo jirani wa ghorofani ndiye atakayelinusa. Tawi linalolazwa kando ya waya, likafungwa kwa kitambaa laini, hutoa vichipukizi katika kila fundo, na kila kichipukizi huleta ua. Katika ua wenye kivuli hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa kila jani linapotandazwa hupata sehemu yake ya jua.

Kwa miaka 2 ya kwanza tulikata matawi makavu tu. Baada ya hapo tunapogoa mara moja kwa mwaka, katika ukavu wa Januari na Februari, ili machipukizi yakutane na mvua za Machi. Jani lenye madoa meusi huokotwa na kuchomwa. Vidukari huoshwa kwa maji na sabuni kidogo. Wakati wa kiangazi mti hupata ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, asubuhi, chini kwenye mizizi bila kulowesha majani. Maji huku ni ya kununua, basi watoto wa nyumbani hutawadha karibu na shina, na maji ya udhu huenda mtini. Maji ya vyombo, yenye sabuni na chumvi, tunayamwaga kwingine.

Ua la kwanza

Wako wanaosimulia kwamba waridi liliumbwa kutokana na jasho la Mtume. Tunalazimika kusema kwamba wanazuoni wa hadithi, akiwamo Ibn Hajar, wameihukumu riwaya hiyo kuwa ni ya kuzushwa, na mapenzi yetu kwake hayahitaji uzushi. Yaliyothibiti yanatosha: kwamba anayepanda mti, kisha akala katika huo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka, na kwamba anayepewa mmea wenye harufu nzuri asiukatae, kwani ni mwepesi kuubeba na mzuri kuunusa.

Ua la kwanza lilichanua mwezi wa 7 tangu kupanda. Halikuchanua upande wetu. Tawi moja lilikuwa limeuvuka ukuta bila sisi kuliona, na alfajiri moja, baada ya Sala, tulisikia sauti ya mama wa jirani ikiita: "Mama Mwalimu! Njoo uone deni langu!"

Mama watoto alitoka na mtandio wake, akapanda juu ya kigoda, akalitazama. Sharti ni sharti, halikuwa lake. Mama wa jirani alilichuma, akalinusa kwa muda, kisha akanyoosha mkono juu ya ukuta akampa. Siku ile mrashi wa mama mkwe ulitolewa kikapuni kwa mara ya kwanza tangu tuje, ukapanguswa, ukawekwa dirishani.

Tangu siku hiyo hatujasikia tena habari ya kurejea Mombasa, isipokuwa kwa Idi. Kipandikizi cha pili tumempa yule binti aliyetuuliza swali. Kabla ya kukipanda aliomba akopeshwe kijiti cha madrasa kwa siku tatu.